Maji ya Barasa na Maharagwe ya Kwa Miwani

Mezani pale Milimani, Nakuru, kabla chakula hakijaletwa, nilikisikia kisa cha maharagwe ya Kwa Miwani kikisimuliwa na watu watatu, na wote watatu walikosea. Kijana mmoja mwenye aproni nyeusi, mpishi wa hoteli mjini Nakuru, alisema kwamba akina mama wa mlimani waliiloga sufuria ya wanasayansi. Bibi aliyeketi kuliani kwangu, msomi kwa namna alivyoshika uma, alimsahihisha: hapakuwa na uchawi, alisema, bali mpishi wa kituo cha utafiti alikuwa mlaghai aliyetia magadi kwa siri ili maharagwe yalainike. Mwenzake akahitimisha kwamba mambo yote yalifumbuliwa na karani mmoja aliyeoteshwa usingizini. Meza nzima ikacheka. Mimi ndiye karani huyo, na katika maisha yangu yote sijapata kuota ndoto yenye manufaa. Nikasubiri kicheko kitulie, kisha nikamuuliza kila mmoja wao, "Ulikuwapo?" Hakuna aliyekuwapo. "Basi umesikia kwa nani?" Huyu alisikia kwa yule, na yule alisikia watu wakisema. Nimeishi miaka mingi nikiwatafuta hao watu wanaosema, na sijawahi kumkuta hata mmoja wao nyumbani. Mwenyeji wetu, Daktari Chebet, ambaye ni mtaalamu wa mimea na ambaye kila mwaka huwakutanisha wakulima, wapishi na watafiti kwenye meza moja, alichungulia kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. "Mzee, si uwaandikie?" alisema. "Ukinyamaza, hii yao ndiyo itabaki." Nimemtii. Nitakayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho yangu au niliyaonja kwa ulimi wangu, na pale ambapo sikuwapo nitasema kwamba sikuwapo.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa kijana aliyetoka chuoni hivi karibuni, nikapangiwa kazi katika kituo cha utafiti wa mazao kilichokuwa kwenye uwanda chini ya Rongai. Cheo changu kilikuwa kirefu kuliko mshahara, lakini watu wote waliniita Karani, kwa kuwa nilishinda kutwa nzima mezani nikitenganisha mbegu. Chumba changu cha kazi kilikuwa na dirisha moja lililotazama mashamba ya majaribio, rafu za makopo hadi darini, na harufu ya vumbi la nafaka ambayo hata leo ikinifikia puani hunifanya nijione kijana. Ukitoka hapo ukavuka uwanja, uliingia kantini: ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno na nyeupe juu yake, mabenchi yaliyolainishwa na suruali za watu, na mwishoni, nyuma ya kaunta ya mbao, ufalme wa Barasa. Barasa alikuwa mtoto wa mtu wa reli, mwili mkubwa, sauti ya besi. Alisonga ugali huku akiimba nyimbo za kanisani, na ugali ukiwa mgumu aliimba ubeti wa pili kwa nguvu zaidi. Maharagwe yake yalisifiwa hadi Rongai mjini: laini, mchuzi wa kahawia ulioshikana, kitunguu kilichokaangwa hadi kikakaribia kuungua bila kuungua. Maji yote ya kituo, ya kunywa na ya kupikia, yalitoka katika kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, na ndiyo yaliyotutia wengi wetu meno ya rangi ya chai. Barasa aliyaonea fahari meno yake. "Haya ni meno ya mtu amekaa Nakuru," alikuwa akisema. "Wewe mgeni, yako bado ni ya karatasi."

Mkuu wa sehemu yetu alikuwa Daktari Oduya, mtu mwembamba, mwadilifu, aliyevaa viatu vilivyong'arishwa hata katika matope ya masika. Kwa miaka mingi alikuwa akizalisha aina mpya ya haragwe, na mwaka ule ilikuwa imekamilika: jekundu, nene, lisiloshikwa na kutu ya majani, lenye kukomaa lote kwa pamoja. Katika majalada lilikuwa na namba. Barasa alilitazama mara moja tu, namna lilivyokuwa limenenepa na kung'aa, akaliita Mheshimiwa, na hakuna aliyetumia namba tena. Upande wa pili wa meza yangu kulikuwa na gunia la mchanganyiko kutoka Kwa Miwani, kijiji kilicho juu ya mteremko, katika shamba lililokuwa la mzungu mmoja ambaye wenyeji walimkumbuka kwa miwani yake tu. Wakulima wa huko, Wakalenjin, Wakikuyu na Waluhya waliogawana shamba lile, walikuwa wamechanganya pia maharagwe waliyokuja nayo. Katika kiganja kimoja cha mkono ungepata ya njano, ya zambarau, yenye madoa kama yai la kwale, meupe madogo, na moja dogo jeusi lenye jicho jeupe. Kazi yangu ilikuwa kuyatenganisha kwa rangi, kila rangi katika kopo lake. Nilipopanda huko mara ya kwanza kuchukua gunia, nilimkuta mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Mama Chebet, mwanamke mrefu mwenye macho ya mwalimu mkuu, akaniuliza nitayafanyia nini. Nikamwambia nitayatenganisha. Akawageukia wenzake. "Ati anaenda kutenganisha! Sisi tumechukua miaka yote hii tukichanganya." Wakacheka hadi mmoja akakaa chini.

Ni siku hiyo pia aliponifundisha habari ya lile dogo jeusi. "Hii tunaita Karani," alisema, akinionyesha kwa kidole chenye unga. "Wengine wakimaliza kazi wanaenda nyumbani, yeye bado anakaa kwa meza. Ndiyo ya mwisho kuiva. Kwa hivyo hatuonji ingine. Unatafuta Karani, unafinya. Karani akilainika, sufuria imeiva yote." Ndiyo sababu, akaendelea, walikuwa wakihakikisha kwamba katika kila mbegu ya kupanda anakuwamo Karani wa kutosha, ijapokuwa hazai sana. Nilimjibu, kwa adabu, kwamba nitalipima jambo hilo. "Pima," akasema. "Lakini na wewe unaitwa Karani, sivyo? Basi mjipime pamoja." Nilirudi kituoni, nikachemsha kila rangi peke yake katika jiko la Barasa, na ikawa kweli: Karani alikuja mwisho, nyuma kidogo tu ya wenzake. Mama Chebet aliniambia pia kwamba maharagwe yakipikwa na watu wanaogombana hayaivi kamwe. Hilo nalo nililipima. Nilimwomba Barasa na dereva wa kituo watukanane juu ya sufuria, nao waliifanya kazi hiyo kwa bidii na ubunifu ambao sitaki kuuandika, na maharagwe yakaiva kama kawaida. Nilipompelekea habari hiyo Mama Chebet sikujua kama angekasirika. Aliinamisha kichwa akafikiri. "Basi mama mkwe wangu alikuwa ananinyamazisha tu," akasema.

Kwa desturi ya kituo, hakuna mbegu iliyopelekwa kwa wakulima kabla haijapikwa kantini na kuliwa na wafanyakazi wote. Mheshimiwa alipikwa. Alitoka laini, mzima, mtamu, na Daktari Oduya alikula sahani mbili bila kuvua koti lake jeupe. Siku iliyofuata tukapika mchanganyiko wa Kwa Miwani, na ulipopakuliwa ulikuwa uji. Ngozi zilielea huku, nyama za maharagwe zimeyeyuka kule, na mchuzi ulikuwa mweusi wenye ladha ya sabuni kwa mbali. Wafanyakazi walikula ugali na chumvi. Daktari, ambaye hakuwa na tabia ya kuandika asichokiona, aliandika alichokiona: mchanganyiko haufai mezani. Chama cha ushirika cha wakulima wa mteremkoni kilipopata habari hiyo kiliamua kwamba mvua ikianza kitagawa Mheshimiwa peke yake, na kwamba akiba ya mchanganyiko iliyokuwa ghalani iliwe yote kabla ya kupanda, ili mashamba yasije yakachanganyika tena. Mkumbuke jambo hilo. Mbegu ya maharagwe huliwa kwa kinywa kile kile kinachoililia baadaye. Ikishaingia sufuriani hairudi ardhini. Miezi ya ukame ilikuwa inakwisha, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Menengai, na Kwa Miwani sufuria zilikuwa tayari zimeanza kuimaliza akiba ile.

Asubuhi moja Mama Chebet alishuka kituoni na kikundi chake, sufuria yenye kifuniko ikiwa kichwani mwa mmoja wao. Hawakupita mapokezi. Waliingia moja kwa moja ofisini mwa Daktari Oduya, wakaiweka sufuria juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, na Mama Chebet akatoa kijiko mfukoni mwa sweta. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika trei ya mbegu. "Daktari," alisema, "kula." Daktari, mtu wa heshima, akala. Sisi sote tuliisikia sauti. Haikuwa sauti ya mtu anayetafuna maharagwe.

"Mama, samahani," alisema Daktari baada ya kuhangaika kidogo. "Huenda moto ulikuwa mdogo."

"Moto mdogo! Hii Mheshimiwa yenu ushirika ilitupa tuonje imekaa kwa moto tangu watoto waende shule mpaka wakarudi. Kuni imeisha. Maji nimeongeza mpaka mkono umechoka. Watoto wamekula ugali kavu wakiangalia sufuria."

Mtu alikuwa amekwisha kumwita Barasa. Alikuja akijipangusa mikono, na nyuma yake msaidizi amebeba sufuria ya Mheshimiwa aliyepikwa kwa chakula cha mchana. "Onja hii, mathe," alisema Barasa. "Halafu utuambie nani hajui kupika."

Mama Chebet akaonja. Akaonja tena. Akamtazama Barasa kutoka kofia hadi viatu. "Umeweka magadi."

"Sijaweka magadi!"

"Basi umeweka ile majivu ya kwenu ya kuchuja. Nyinyi watu wa magharibi hata chai mngeweka."

"Na nyinyi mngeweka maziwa kwa mawe mseme ni mboga!" Barasa aligeuka kuutafuta uso wa Daktari. Sauti yake ya besi ilikuwa imepungua. "Daktari, mimi nimepikia hii kituo tangu hii mlango haijapakwa rangi. Sijawahi kuweka kitu sijaambiwa."

Kicheko kilichokuwa kimeanza pembeni kikakoma, kwa sababu kila mtu aliona kwamba mtu mzima ameumizwa. Mama Chebet naye hakuendelea. Alifunika sufuria yake, akasema polepole: "Ushirika inagawa mbegu mvua ikianza. Wazee wanasema hii yetu iliwe iishe. Ikiisha, Daktari, mimi nitapata wapi ingine? Kwa duka gani?" Daktari Oduya hakumwahidi lolote. Alimwambia kwamba hawezi kuyabatilisha aliyoyaandika kwa sababu ya sufuria moja, kama ambavyo hangeyaandika kwa sababu ya uvumi mmoja. Lakini ikiwa kuna jambo hapa, litafutwe. Nilimheshimu kwa kauli hiyo, na ninaiheshimu hata sasa.

Katika siku zilizofuata kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kantini ilisema akina mama wa juu ni wavivu wa kuchochea moto. Mlimani walisema Barasa ni mlaghai. Daktari peke yake ndiye aliyekuwa na maelezo yanayoweza kupimwa: kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, na kwa hiyo maharagwe huchelewa. Basi akaamuru tupande Kwa Miwani na Mheshimiwa, na mpishi awe Barasa mwenyewe. Barasa alikataa katakata kwenda kuwapikia watu waliomwita mlaghai. Baadaye akakubali, lakini kwa masharti: atapika kwa sufuria yake, mwiko wake na kitunguu chake. Asubuhi ya safari alitokea amevaa suti yake ya Jumapili, kana kwamba anakwenda mahakamani, naye kweli alikuwa anakwenda mahakamani. Nyuma ya gari tulipakia vyombo vyake vyote, na mtungi mkubwa wa plastiki aliokuja nao bila kuulizwa na mtu.

Kwa Miwani tulipikia nje, katika uwanja wa kanisa, chini ya kibanda cha mabati ambamo hupikwa chakula cha harusi. Kabla Barasa hajawasha moto, akina mama walimpekua. Walifanya hivyo kwa sherehe kamili: mmoja akaishika kofia, mwingine koti, wa tatu akaingiza mkono katika kila mfuko akitangaza alichokipata. "Kitabu cha nyimbo!" Watu wakashangilia. "Leso, chafu!" Wakashangilia zaidi. "Pipi moja!" Pipi ikachukuliwa na mtoto. Hapakuwa na magadi wala majivu. Barasa akavaa koti lake tena kwa heshima kubwa, akapika, akaimba, na kabla adhuhuri haijafika Mheshimiwa alikuwa ameiva, laini kama kule kantini. Maelezo ya Daktari yalikuwa yameanguka: mlima ulikuwa ule ule, na maharagwe yameiva. Maelezo ya Mama Chebet pia yalikuwa yameanguka. Wazee wa ushirika waliokuja kutazama wakaanza kunong'onezana kwamba basi wake zao ndio wenye makosa, na nikaona nyuso za wanawake wale zikibadilika. Mtu akisema kweli na dunia yote ikaonyesha kwamba amesema uongo, hufanana hivyo.

Ni chai iliyotuokoa. Mama Chebet, ambaye hangemwacha mgeni aondoke na kiu hata kama mgeni huyo amemshinda, aliagiza chai ipikwe, na msichana aliyetumwa, badala ya kwenda mtoni, alichota maji yaliyobaki katika mtungi wa Barasa. Majani yalikuwa yao ya kila siku, na maziwa ya ng'ombe wao. Chai ilipomiminwa ilikuwa na rangi ya udongo mwekundu. "Hii ni chai gani?" aliuliza Mama Chebet. "Maziwa yote haya na bado ni nyeusi? Nani ameharibu chai?" Akaonja, akatema pembeni kwa adabu. Barasa akaipokea, akainywa, akalamba midomo. "Ni chai mzuri kabisa. Ni kama ya kituo." Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe karibu na jiko. Niliwaza kwa sauti, na hapo ndipo palipokuwa na ndoto yangu mashuhuri, mchana kweupe, macho wazi: majani yao, maziwa yao, sufuria yao, moto wao. Ni nini hapa ambacho si chao? Nikautazama mtungi. Mama Chebet akanitazama mimi, kisha naye akautazama mtungi. "Barasa," nikauliza, "kwa nini ulikuja na maji?"

"Maji ya watu siamini," akasema Barasa. "Wapishi wangapi wameharibiwa na maji ya watu?"

Mama Chebet alianza kucheka kabla yangu. Alicheka akiwa ameshika kiuno, akaunyoshea mtungi kidole. "Magadi si kwa mfuko! Magadi iko kwa kisima yao!" Nami sikumkubalia papo hapo, kwa kuwa lilikuwa bado ni neno tu. Nilimwambia lazima tulipime. Nilidhani nitamchosha, lakini nilikosea kabisa, kwa sababu katika matayarisho ya siku ya pili ya kupika mimi ndiye niliyechoshwa. Mama Chebet alitaka sufuria nne zinazolingana, akazipima vifuniko. Mheshimiwa katika maji ya kisima cha kituo, Mheshimiwa katika maji ya mto wao; mchanganyiko katika maji ya kisima, mchanganyiko katika maji ya mto. Alitaka kuni za mti mmoja zilizopasuliwa na mtu mmoja. Alikataa nisimame karibu na sufuria yoyote kuliko nyingine. Waonjaji, ambao ni Daktari Oduya, mwenyekiti wa ushirika na mchungaji, walifungwa macho kwa vitambaa vya kichwa vya akina mama, na cha mchungaji kilikuwa cha waridi. "Karani," aliniambia, "usiseme ni gani. Hata usipumue kwa namna." Sijawahi kufanya kazi na mtafiti mkali kuliko yeye, nami nimefanya kazi na wengi.

Watu walikuwa wengi kuliko harusini. Mheshimiwa wa maji ya kisima alikuwa laini. Mheshimiwa wa maji ya mto alilia menoni kama changarawe, na mwenyekiti wa ushirika, akiwa amefungwa macho, alisema maneno ambayo mchungaji alijifanya hakuyasikia. Kisha mchanganyiko. Uliopikwa kwa maji ya kisima ulikuwa uji ule ule wa kantini, ladha ile ile ya sabuni. Uliopikwa kwa maji ya mto, Mama Chebet hakuupakua mara moja. Alichovya mwiko, akatafuta, akaniwekea kiganjani haragwe moja dogo jeusi lenye jicho jeupe, la moto. "Finya," akasema. Nikafinya. Liliachia ngozi bila kubishana. Ndipo akapakua. Nilikula maharagwe yale nimesimama, yakiwa na chumvi peke yake. Ya njano yalikuwa na utamu wa njugu, yale ya zambarau yalikuwa mazito kama nyama, na meupe yaliyeyuka yakaufanya mchuzi uwe mzito, na kila kijiko kilikuwa na neno tofauti. Daktari Oduya alivua kitambaa machoni, akainama juu ya sufuria ile ya nne, akala tena akiona.

Halafu akasimama, akazungumza kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Niliandika kwamba mchanganyiko huu haufai mezani. Nilisema kweli, lakini nilisema kweli ya jiko langu. Akina mama walisema Mheshimiwa haivi. Nao walisema kweli, ya jiko lao. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyekula kwa mwenzake." Akawageukia wazee wa ushirika, akawaomba akiba ya mchanganyiko iliyobaki isiguswe tena, ipandwe mvua ikija; na Mheshimiwa wapewe wakulima wa uwandani, wanaotumia maji ya visima. Wazee hawakujadiliana sana. Ni vigumu kubishana ukiwa na sahani mkononi. Mama Chebet alikwenda hadi alipokuwa Barasa, na mbele ya watu wote akampa kibuyu cha maziwa lala, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wao, heshima wanayopewa wakwe. "Nilikuita mlaghai," alisema. "Kunywa." Barasa akanywa kwa muda mrefu. Alipoteremsha kibuyu alikuwa na masharubu meupe. "Mathe," akasema, "hata hii ungeweka maji yangu ingekuwa tamu zaidi." Mvua ilianza wiki ile ile. Nilikuwapo walipopanda.

Tangu hapo hadi mwisho wa mwaka, sehemu yetu ilikuwa na jiko la kuni nyuma ya stoo, na hakuna mbegu iliyopita bila kuchemshwa kwa maji ya mahali itakapopandwa. Watu walituletea mitungi kutoka Kariandusi, kutoka Rongai, kutoka bomba la Milimani, nasi tukapika, tukala, tukabishana. Niliongezeka mwili. Nilijifunza pia jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Nilidhani kulipima neno la mtu ni kumtilia shaka. Mwaka ule niliona wanawake wakipimwa maneno yao wakafurahi, na wakataka yapimwe zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona yanastahili kuni na maji. Wanaoambiwa kila siku "haya, sawa mama" ndio wasiosikilizwa. Ukali wangu wa leo, ambao wajukuu wanaulalamikia, ulizaliwa katika kibanda kile cha mabati, kati ya moshi na kicheko, na ndiyo maana sitauacha.

Barasa na Daktari Oduya walikwisha kutangulia, na Mama Chebet pia. Binti yake, ambaye jina lake mama yake alilibeba, ndiye aliyetuita Milimani. Alipotoka jikoni alikuwa ameshika sufuria kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya meza, akafunua. Harufu ilifika kwangu kabla ya mvuke. "Ni mbegu ya mama," aliwaambia wageni. "Haijawahi kukosa kupandwa." Wakapiga makofi.

"Nani amethibitisha?" nikauliza.

"Nilijua utauliza, Mzee." Alinipa mwiko.

"Na maji?"

"Ya mvua. Ya tangi. Si ya bomba."

Nikainuka. Nikakoroga polepole, njano, zambarau, madoa ya yai la kwale, meupe madogo, hadi nilipomwona: mdogo, mweusi, jicho jeupe. Nikamchukua, nikamfinya kati ya kidole gumba na cha shahada. Akaachia ngozi bila kubishana. "Imeiva," nikasema, nikamrudishia Chebet mwiko.

Chebet akaanza kupakua. Nami nilipokaa nikaona jambo lililonifurahisha kuliko makofi yote. Yule kijana mwenye aproni nyeusi, aliyeniambia habari za uchawi, alipokea sahani yake lakini hakula. Alikuwa ameinama, uma mkononi, akiyasogeza maharagwe moja moja kando, akimtafuta Karani wake mwenyewe.